Shangazi, mmoja nimempeleka private mwingine yuko kayumba, na mkubwa ameanza kuniuliza maswali

Shangazi shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Chanika huku Dar, tumepanga. Mume wangu ni dereva wa malori yanayoenda Tunduma na mimi nina genge dogo hapa nje, asubuhi nakaanga chapati. Naomba usinicheke, najua kuna watu wana matatizo makubwa kuliko hili, ila kwangu limekua mpaka nakosa usingizi.

Mtoto wangu wa kwanza ni wa kiume, yuko darasa la tano shule ya serikali hapa mtaani, hizi tunazoita kayumba. Alianza wakati ule hali yetu mbaya sana, baba yake hata hiyo lori alikuwa hana, alikuwa deiwaka tu. Mdogo wake wa kike alivyofika umri wa shule mambo yalikuwa yamekaa sawa kidogo basi tukampeleka inglishi midiamu toka chekechea, sahivi yuko la pili. Hatukukaa chini tukapanga kwamba huyu aende huku na huyu kule, ilitokea tu, ila ndo ishakuwa.

Sasa Shangazi wiki iliyopita umeme ulikatika, nikawa nakagua madaftari yao kwa tochi ya simu. La hesabu la mkubwa nikakuta ameandika 7 × 8 = 54, imepigwa tiki nyekundu kubwa. Chini yake 9 × 6 = 56, tiki. Ukurasa mzima ni tiki mpaka chini. Nikamuuliza nani kasahihisha hapa, akasema monita, mana mwalimu anasema madaftari ni mengi, darasa lao wako 134 wanakaa wannewanne kwenye dawati. Nikafungua la mdogo. Kuna sehemu ameandika b badala ya d, mwalimu kaizungushia, kamuandikia mstari mzima wa kufuatishia, afu kwenye diary kaniandikia na mimi mama yake nimsimamie kila siku dakika kumi. Darasani kwao wako 27 na mwalimu ana msaidizi.

Wakati naangalia, mdogo akachungulia daftari la kaka yake akaona ile 54, akaanza kumcheka, tena kwa Kiingereza chake hicho. Mkubwa akafunga daftari taratibu akaniambia, mama kwani mimi sina akili ndo mana hamkunipeleka kwenye basi la njano?

Shangazi nilikosa cha kujibu. Nikajifanya naenda kuangalia maharage.

Baba yao anasema suluhisho liko wazi, mdogo arudi kayumba na yeye, hela tujengee. Tuna kiwanja Msongola mwaka wa nne huu hakina hata tofali moja, mwenye nyumba kapandisha kodi juzi. Anasema yeye kasoma kayumba na leo anaendesha lori la mamilioni, hao wa inglishi midiamu wako mtaani wanauza laini za simu. Wifi yangu naye anasema najifanya mzungu, mtoto alivyoenda kwa bibi yake Korogwe alipewa barua ya kanisani asome akashindwa kusoma neno ng'ombe, wakacheka wote.

Hela yenyewe ni hii: ada milioni moja na laki nne kwa mwaka, tunalipa kwa awamu nne, basi laki nne na themanini, chakula laki tatu, ukijumlisha sare na mitihani na safari zao za kutembelea Bagamoyo inafika milioni mbili na laki nne hivi. Mwezi wa saba awamu ya tatu ilichelewa, mtoto akarudishwa getini na begi lake. Nikakopa kwenye zile za kausha damu nikalipa, mpaka leo narejesha.

Nimewauliza shule yake kama wanaweza kumpokea na mkubwa, wakasema ndiyo ila watamrudisha darasa la tatu sababu ya lugha. Ana miaka 11.

Niambie ukweli, hizi private zina faida kweli au nalipia tai na basi la njano? Nimtoe mdogo? Nimpeleke mkubwa?

Mama Wawili, Chanika

*

Marahaba mwanangu Mama Wawili, na pole na maharage.

Nianze kwa kukuambia mimi nimeshika chaki shule ya msingi ya serikali miaka kumi na moja kabla sijaingia kwenye mambo ya kujibu barua, na darasa langu la mwisho lilikuwa na watoto 90 na kidogo. Kwa iyo hiyo tiki kwenye 54 mimi naijua inavyozaliwa. Piga hesabu na wewe: madaftari 134, dakika moja tu kila daftari, ni zaidi ya masaa mawili kwa somo moja, siku moja, na mwalimu ana masomo mengine na darasa lingine linamsubiri. Sasa mwalimu wa mdogo ana madaftari 27, hata akikaa na kila moja dakika tatu ni saa moja na dakika ishirini, anamaliza kabla ya chai kupoa. Anayemfundisha mwanao mkubwa sio mvivu wala mjinga, wengi wao wana vyeti vizuri na uzoefu kuliko hao vijana wa private, ila ameelemewa.

Kwa hiyo swali lako la kwanza jibu ni ndiyo, zina faida, na watu wakikuambia hazina wanakudanganya, tena mara nyingi anayekuambia hivo wa kwake kawapeleka. Ila faida yenyewe haipo kwenye tai. Unacholipia wewe ni jicho. Kuna mtu mzima anaangalia b ya mwanao kila siku, akiona imekaa kama d anashtuka, tena anakushtua na wewe. Hiyo ndo kubwa, na kwa mtoto wa la kwanza mpaka la nne ndo inaamua kama atasoma au atakuwa anabahatisha maisha yake yote.

Ya pili ni lugha. Hapa serikali yetu yenyewe imetengeneza mtego, mtoto wa kayumba anasoma kila kitu kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, Kiingereza ni somo tu, afu siku anaingia form one anakuta Baiolojia, Jiografia, Hesabu, vyote kwa Kiingereza. Nimeona watoto wenye akili kali, waliokuwa wa kwanza la saba, wanakaa form one mwaka mzima kimya kama wamemwagiwa maji. Mtoto anaijua mada ila hana maneno ya kuisemea. Mwenzake wa inglishi midiamu hata kama akili ni ya kawaida yeye anaendelea tu alipoishia.

Na ya tatu watu hawaisemi sana, ukilipa unakuwa na sauti. Mwalimu akikosea kwa mwanao mdogo unapiga simu au unaandika kwenye grupu la wazazi, kesho yake inarekebishwa, mana wanajua ukiondoka umeondoka na milioni mbili zako. Kule kayumba ukienda kuuliza utaambiwa subiri kikao, na kikao chenyewe wakija wazazi ishirini wameshukuru.

Hapo sasa nimjibu na baba yao kidogo. Baba, heshima yako, lori sio mchezo hasa ile barabara ya kwenda Tunduma. Lakini wewe uliposoma kayumba, nani alikuwa hasomi kayumba? Shule zilitaifishwa kwa sheria ya mwaka 1969, na hizi inglishi midiamu za watoto wa mtaani zimeanza kuota miaka ya tisini. Wakati wenu mtoto wa bosi na mtoto wa muuza mkaa walikuwa dawati moja, viboko vile vile, uji ule ule. Choo kikijaa bosi mwenyewe anapiga simu halmashauri kwa sababu na wa kwake anakitumia. Leo bosi kamtoa mtoto wake, mwenyekiti wa mtaa kamtoa, hata walimu wengine wa kayumba wa kwao wanapanda basi la njano. Kwa iyo ile kayumba iliyokutoa wewe ilikuwa na watu wenye sauti ndani yake, na hii ya sasa wengi walishaondoka. Afu toka elimu bila ada ianze 2016 watoto wamejaa, jambo jema kabisa, wengi wasingeiona shule kabisa, ila madarasa na walimu havikujaa kwa kasi ile ile. Ruzuku ya serikali kwa mtoto wa msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka. Ndiyo, mishahara na majengo iko pembeni, ila ya chaki na karatasi za mtihani na mengineyo ndo hiyo. Mama wawili wewe kwenye chapati unaishika hiyo kabla ya saa nne.

Haya, upande wa pili sasa, mana sitaki ukatoke hapa unakimbilia kausha damu nyingine.

Sio kila private ina hilo jicho. Kuna shule jina lake lina neno international na ndani ni nyumba ya mtu ya vyumba vitano haijapigwa plasta. Walimu wengine wanalipwa kidogo na wanachelewa kulipwa, serikali ikitangaza tu ajira nusu ya stafu wanaaga, mtoto anabadilishiwa mwalimu mara tatu kwa mwaka. Nyingine zinapata wastani wa A kwa kuwachuja wale dhaifu kabla ya la saba, unaambiwa mzazi kwa upole mtafutie shule nyingine, wizara imekataza ila inafanyika. NECTA, wale wa baraza la mitihani, waliacha kutangaza shule kumi bora toka matokeo ya form four yaliyotoka Januari 2023, kwa iyo yale mabango ya kumi bora unayoyaona yamebandikwa getini uliza ni ya mwaka gani. Matokeo ya shule moja moja yapo kwenye tovuti yao, fungua uangalie, ila angalia na idadi ya watahiniwa. Watoto 16 wote A halafu la tano walikuwa 40, wale 24 wako wapi?

Shule ya mdogo kwa ulivyonisimulia mimi naona jicho lipo. Ile diary ndo cheti chake. Kwa hiyo mdogo asitoke sahivi. Yuko la pili, ndo anajifunza kusoma, mtoe leo umuingize kwenye darasa la watu 134 kwa lugha nyingine utakuwa umelipa milioni mbili mwaka juzi na mwaka jana bure kabisa. Abaki angalau mpaka la nne afanye ule mtihani wao wa upimaji, hapo mtaangalia tena mfuko.

Ila hilo la ng'ombe wifi yako kachokoza lakini hajakosea. Mtoto wa Tanzania hawezi kusoma barua ya kanisani? Hiyo shule haitakufanyia, hiyo ni yenu nyumbani, na nina mtu wa kuifanya, nakuja.

Mkubwa usimpeleke akarudishwe la tatu. Nakataa kabisa. Miaka 11 unamkalisha na watoto wa miaka minane, tena shule moja na mdogo wake ambaye yuko darasa moja nyuma yake! Utamuua. Na hata wangekubali aingie la tano, angebakiza muda mfupi tu afanye mtihani wa kumaliza msingi kwa Kiingereza, mana wa inglishi midiamu mtihani wao uko kwa Kiingereza, wakati yeye kajengwa kwa Kiswahili. Huyu amalizie alipo, na amalizie vizuri, mana akifaulu vizuri sana kuna Kibaha, Ilboru, Mzumbe, Tabora Boys, zote ni za serikali, shule za vipaji maalumu, na enzi za kumi bora zilikuwa zinakaa humo na hizo private zenye ada ya milioni nyingi. Hakuna mtu anayeuliza mtoto wa Ilboru alisoma kayumba gani.

Ila huwezi kumuacha na monita. Yeye naye anataka jicho, na jicho la kwake litanunuliwa vipandevipande. Tafuta mwalimu wa tuisheni hapo Chanika, sio zile za watoto sitini chini ya mwembe, mtafute mmoja anayechukua watoto sita saba, siku tatu kwa wiki, hesabu na Kiingereza basi, mengine atayapata shuleni. Muulize kwanza swali moja, je madaftari anasahihisha mwenyewe? Na akimaliza shule ya msingi ile miezi kabla ya kuingia form one usimuache anazurura, muweke kozi ya pri-foomu wani, hapo ndo pa kutoa hela hata kama utauza kitu.

Hela inatoka wapi? Nimekaa na hesabu zako. Basi laki nne na themanini. Umesema uko Chanika na shule sijui iko umbali gani, ila uliza, kuna kina mama wanachangia bajaji moja ya mtu wanayemjua, watoto wanne, inashuka. Nasema mtu mnayemjua, sio boda na watoto watatu kwenye tenki. Safari ya Bagamoyo sio lazima, mtoto atalia siku moja. Na muhimu kuliko vyote, kabla awamu haijafika nenda kwa mhasibu wa shule mapema, kaa naye, mwambie baba yake analipwa safari ikirudi, naomba nilipe laki kila wiki mbili badala ya mkupuo. Wengi wanakubali, mtoto anarudishwa getini kwa sababu mzazi kanyamaza. Hela ya chapati weka kidogo kila siku kwenye kibubu cha ada peke yake, kikoba pia, ila kausha damu iwe mwisho. Riba ile ni ada ya mtoto wa tatu ambaye hujamzaa.

Kuna na njia ya katikati ambayo sijui kwa nini haisemwi, shule za serikali zinazofundisha kwa Kiingereza. Olympio na Diamond za Upanga ni za zamani sana hizo, na siku hizi halmashauri mbalimbali zimefungua za kwao, mzazi anachangia lakini sio milioni mbili. Nenda ofisi ya elimu msingi ya Jiji uulize kama kuna iliyo karibu na nyie na nafasi za kuhamia zikoje. Ikipatikana, mdogo akitoka la nne anaweza kuhamia bila kubadilishiwa lugha. Uhamisho sikuhizi unapita kwenye mfumo, mtoto ana namba yake ya usajili, ile ya PREM, kwa iyo usiache deni kule anakotoka utasumbuka.

Na kayumba ya mkubwa usiikimbie kwa kuwa unalipa kwingine. Nenda na lile daftari. Usiende umefura, usiende mbele ya wanafunzi, nenda mchana mwalimu akiwa ofisini, umpe shikamoo kama ni mkubwa kwako, umwambie mwalimu nimeona hili nimekuja tusaidiane. Nakuhakikishia kuanzia siku hiyo mwanao kati ya wale 134 anajulikana jina. Mimi nilipokuwa nafundisha mtoto ambaye mama yake alishawahi kuja nilikuwa namuona tu darasani, hata akijificha nyuma. Sio haki kwa wengine, najua, ila ndo ilivyokuwa.

Sasa lile swali la basi la njano. Hilo ndo ulikuwa unaniandikia, hayo ya ada umeyaweka mbele tu. Mjibu leo, usingoje wikendi. Mwambie ukweli wa hela kama ulivyoniambia mimi, kwamba ulivyoanza shule baba alikuwa hana kazi na sisi tulikuwa hatuna, mdogo wako amekuta tumepata, haikuwa akili yako ilikuwa mfuko wetu. Mtoto wa miaka 11 anaelewa hela vizuri sana, anatumwa dukani kila siku. Usimdanganye kwamba shule zote sawa, ameshaona haziko sawa, ukimdanganya hapo atajua lile la akili ni kweli.

Na mdogo akimcheka tena mkanye, kwa Kiswahili. Afu mpe mkubwa kazi rasmi, jioni nusu saa anamfundisha mdogo wake kusoma Kiswahili, aanze na ng'ombe, ng'ambo, mbung'o, ile ng' inawasumbua sana hawa wa midiamu. Huyo ndo mwalimu niliyekuambia nina mtu. Yeye ndo mwalimu, kalamu nyekundu mnunulie.

Kiwanja cha Msongola, baba yao yuko sahihi mwanangu, usimkatalie kila kitu. Kodi nayo inakula hela. Mpe kitu: kila safari ya Tunduma akirudi, kabla hela haijaingia genge wala shule, zinatoka tofali hamsini. Hamsini tu. Azione zimepangwa pale zinaota majani, atapunguza maneno kuhusu basi.

Usiku wa leo kabla hajalala mkubwa muulize 7 mara 8, kwa upole, mdogo akiwa ameshasinzia. Afu niandikie mkishakaa na baba yao, nataka kujua kwenye tofali amesemaje.

Shangazi